Mabua Tuliyokataa Kuchoma

Tulimzika Perpetua upande wa Mollo, siku ya upepo ule wa Ufipa unaowafanya hata wafiwa washike makoti yao badala ya leso. Nilikuwa nimekaa mbele, kwenye viti walivyotengewa wazee, wakati mjukuu wake aliposimama kusoma wasifu wa marehemu. Kijana alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Akafika mahali akasema bibi yake alikuwa mkulima wa mfano, ambaye enzi za vijiji vya ujamaa alifundishwa na serikali kugeuza mabua kuwa mboji. Nikasimama. Msemaji wa familia akanipungia mkono niketi, akidhani nimezidiwa na msiba. “Sijazidiwa,” nikamwambia. “Nasahihisha. Perpetua hakupewa na mtu jambo hili. Walimjia na mgambo na kiberiti alichome, akakataa. Mimi nilikuwepo.” Kisha kule nyuma, walikokaa bibi wachache wa rika lake, nikasikia kicheko cha chini chini, cha watu ambao nao walikuwepo. Msemaji akasema kwa adabu kwamba muda hautoshi, tuna safari ya makaburini. Basi nikaketi. Lakini hapa nyumbani kwangu Malangali hakuna wa kunionyesha saa, kwa hiyo nitalisema lote.

Nilifika Ufipa nikiwa msichana wa Mbeya mwenye cheti cha kilimo, buti za mpira, na cheo kilichonizidi umri: Bibi Shamba. Nyumba ya mtumishi niliyoahidiwa ilikuwa kuta tupu; paa lilikuwa bado linazungumzwa kwenye vikao. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Nestory, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu asiyoivua ila kanisani, akanichukua moja kwa moja hadi kwa Perpetua. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea jembe. Mumewe alikwenda kutafuta kazi migodini ng'ambo ya Zambia, na habari zake zilikuwa zimekatika. Nikapewa chumba kilichopakana na jiko. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa matete yaliyokandikwa udongo, na udongo wenyewe ulikuwa umebanduka juu, kwa hiyo moshi, harufu ya maharage na maneno ya jikoni vyote vilinifikia kitandani bila kubisha hodi. Asubuhi ya kwanza nilitetemeka hadi meno yakagongana. Perpetua akaniletea uji wa ulezi kwenye kibuyu, mzito, unaowaka, akanisimamia mpaka nikaumaliza. “Kwenu Mbeya kuna baridi,” akasema, “lakini naona kwenu hakuna upepo. Kunywa, mdogo wangu. Hapa mtu mwembamba anapeperushwa.”

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka vitongoji vyao vya zamani, wakapangwa kwa mstari kando ya barabara, nyumba baada ya nyumba, kama askari gwaride. Sijawahi kuitukana Ujamaa na sitaanza leo. Niliiamini, niliimba nyimbo zake, na shamba la pamoja la wanawake lilinipa furaha ambayo sijaipata tena kazini. Lakini ardhi haihamishwi kwa azimio la mkutano. Kule walikotoka, Wafipa walikuwa wakilima matuta yao ya mviringo, intumba, wanafukia nyasi ndani na kuziacha zioze chini ya udongo, kisha wanapanda maharage juu. Kule walikoletwa, waliambiwa matuta hayo ni kilimo cha kizamani. Walime sesa, shamba tambarare lisilo na matuta, kwa mistari, na mbolea ya dukani itakuja kwa lori. Walilima sesa. Lori halikuja. Mahindi ya mwaka ule wa kwanza yalisimama kiunoni, ya njano kama mgonjwa wa manjano. Jioni, tukila ugali wa ulezi na majani ya maboga, nilikuwa nikimsikia Perpetua akisema na jirani kwa Kifipa, na ingawa lugha sikuijua bado, neno moja nililitambua kwa jinsi lilivyorudiwa kwa huzuni: intumba, intumba.

Baada ya mavuno mashamba yalibaki yamejaa mabua. Kwangu mimi yale mabua yalikuwa chakula cha ardhi kilichokosa mpishi. Chuoni tulifundishwa kwamba bua haliozi kwa miujiza. Linaliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na ukivipandikiza vile vinavyofaa ndani ya lundo, ukavipa maji, hewa na kitu cha kuvitia nguvu, kazi ya miaka huisha kwa miezi. Mwalimu wetu aliviita vijidudu hivyo hamira ya mboji. Nilikuja nayo kutoka chuoni, unga wa kijivu ndani ya kopo, na nilijiona kama daktari mwenye sindano. Nikawaita wanawake wa shamba la pamoja, nikawaeleza, tukajenga lundo kubwa, nikanyunyizia unga wangu kwa mbwembwe. Wiki zikapita. Lundo likakaa vilevile, mabua makavu na baridi. Kuku wakalifanya uwanja wa mazoezi. Mwanamke mmoja akaniuliza, bila ubaya wowote, kama vijidudu vyangu vilikuwa vimehamia kijiji kingine. Wote wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda chumbani kwangu nikalia.

Perpetua alinikuta. Hakunipigapiga mgongoni, hakuwa mtu wa namna hiyo. Aliniuliza, “Unajua kwa nini imekataa, au hujui?” Nikamwambia nadhani vile vijidudu vilikufa njiani, kopo lilikaa muda mrefu mno, na hata vingekuwa hai, vililelewa mahali pa joto, baridi hii isingeviacha. Tena mabua yalikuwa mazima na makavu, hayana samadi, na sikuyapa maji ya kutosha. “Basi unajua,” akasema. “Ambaye hajui ndiye anayelia. Nenda kalete vingine.” Nikafuta uso. Nikatafuta vijidudu vilivyozaliwa Ufipa. Nilichimba udongo mweusi chini ya majani yaliyooza kwenye korongo lenye miti. Nilikwenda kwa mchinjaji nikaomba zile nyasi zilizosagika ndani ya tumbo la ng'ombe, ambazo yeye huzitupa. Alinitazama kama mwendawazimu kisha akanijazia ndoo. Nilichanganya na pumba za ulezi na maji ya uvuguvugu, nikajaza kwenye mitungi ya Perpetua, nikaifunika kwa majani, nikaipanga kandokando ya mafiga jikoni, mahali pasipopoa. Harufu yake siwezi kuielezea mezani. Perpetua alipika kwa siku kadhaa akiwa amefunga khanga puani, akiapa kwamba watu watadhani amemficha maiti. Lakini asubuhi moja alifunua mtungi akaniita kwa sauti. Povu lilikuwa limepanda hadi shingoni, likichemka bila moto, na juu yake utando mweupe kama pamba. Tulitazamana kama watu waliozaa mtoto.

Safari hii hatukufanya mbwembwe. Wanawake walikatakata mabua kwa mapanga hadi viganja vikatoka malengelenge. Walibeba maji kutoka kijitoni kwa vichwa. Tulipanga tabaka la mabua, tabaka la samadi, tukamimina maji ya mitungi, tukaanza tena, hadi lundo likawa refu kuliko mimi. Nikachomeka fimbo katikati. Siku chache baadaye, asubuhi, Perpetua aliichomoa ile fimbo na kuidondosha haraka huku akipiga kelele. Ilikuwa ya moto. Mvuke ulikuwa unatoka juu ya lundo kama nyumba inayopikiwa ndani, na barafu nyembamba ilikuwa bado kwenye nyasi pembeni. Wanawake waliokuja kucheka wakanyoosha mikono yao juu ya mvuke na kuota moto. Hakuna hotuba niliyowahi kutoa iliyofanya kazi kama ule mvuke. Ndani ya muda mfupi kila aliyekuwa na sehemu katika shamba la pamoja alileta mabua ya kwake ya nyumbani, na tukajenga lundo la pili, na la tatu.

Ndipo amri ikaja. Jumapili moja, baada ya misa, Ndugu Nestory alisimama nje ya kanisa akatangaza kwamba mabua yote yachomwe. Kulikuwa na funza wanaotoboa mahindi, na amri kutoka mjini ilikuwa kwamba funza hao hujificha ndani ya mabua hadi msimu unaofuata; kwa hiyo shamba lisiachwe na bua hata moja, na wageni wangekuja kukagua. Nataka kuwa mkweli: sababu haikuwa ya kijinga. Funza walikuwepo, na wanajificha hivyo kweli. Lakini lundo linalounguza mkono wa mtu haliwezi kumhifadhi funza, na hilo nilimwambia Nestory palepale. Akatazama viatu vyake. “Bibi Shamba,” akasema, “amri haisemi habari za joto. Inasema moto.”

Mchana uliofuata nilikuwa nimelala na homa, nikamsikia Nestory akiingia jikoni. Hakujua kwamba nipo. Alizungumza Kiswahili, kama walivyofanya kila walipotaka jambo lionekane la serikali. “Perpetua, ndugu yangu wa ubatizo mmoja,” akasema, “huyu mtoto wa watu ataondoka. Watampeleka kwingine, mshahara wake unamfuata. Wewe unabaki. Ukiwakasirisha, nani atakuandikia kiwanja? Nani atakupa mbegu? Huna mume wa kukusemea.” Nilishikilia blanketi, nikingoja jibu lake. Nilijua alikuwa anasema kweli kuhusu mimi. Nilisikia mwiko ukizunguka sufuriani, mara nyingi, taratibu. Kisha sauti ya Perpetua: “Waliponitoa kule kwetu nilinyamaza, Nestory. Nilivunja nyumba yangu kwa mikono yangu. Niliambiwa ni kwa faida yangu, nikasema sawa. Sasa nimepata kitu kimoja kinachonifaa hapa waliponileta, na wanataka nikichome kwa mikono hiihii. Sichomi. Kula maharage, yameiva.” Na Nestory, namsikia hadi leo, akala.

Walikuja asubuhi yenye upepo mkali: Nestory, mgambo mmoja wa kijiji, na mkuu wangu wa kazi kutoka mjini, Ndugu Ambakisye. Huyu alikuwa mtu wa kwetu Mbeya, mwenye koti la kaki na viatu vya ngozi, na alikuwa amenipokea kwa wema nilipofika. Kijiji chote kilikuwa cheusi kwa majivu. Moshi ulikuwa bado unapanda kwenye mashamba ya jirani, na upepo ulikuwa unayachukua majivu yenyewe na kuyapeleka bondeni, rutuba ya msimu mzima ikisafiri hewani mbele ya macho yetu. Kwenye shamba la wanawake tu ndiko kulikosimama malundo matatu. Na juu ya lile kubwa alikuwa amekaa Perpetua, miguu ameikunja, mtandio kichwani, kama mtu aliyekaa kizingitini mwake akingoja wageni.

“Mama, teremka,” Ndugu Ambakisye akasema.

“Shikamoo, Ndugu,” akajibu Perpetua. “Nimepata mahali pazuri. Kuna joto kuliko kitandani kwangu.”

Wanawake waliokuwa wamesimama pembeni wakaangua kicheko. Mkuu wangu akanigeukia, akanisemesha kwa lugha ya nyumbani ili wengine wasielewe. Aliniita mwanangu. Aliniambia nimteremshe yule mama, kwamba mimi ni mtumishi na mtumishi hatii sheria anazozipenda tu. Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la wote waliokuwepo. “Ndugu Ambakisye, tunachoma ili kumuua funza. Huyu funza amekwisha kufa. Naomba uweke mkono wako hapa.” Nikafukua ubavu wa lundo kwa jembe. Alisita, kisha, nampa haki yake, akaingiza mkono. Akautoa haraka kuliko alivyouingiza. Nikachomoa bua kutoka ndani, limekuwa jeusi na laini kama tambi, nikalipasua mbele yake. Ndani kulikuwa na funza aliyeiva, mweupe, hana uhai. Alilitazama muda mrefu. Nilidhani tumeshinda.

“Nimeona,” akasema. “Lakini wageni wakifika hawatafukua. Watatazama kwa mbali, wataona mabua. Chomeni.”

Hapo ndipo kitu fulani kilipokatika ndani yangu, na hakijawahi kuungwa tena, namshukuru Mungu. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba ukimwonyesha mkubwa ukweli, ataufuata. Yule alikuwa ameushika ukweli kwa vidole, ukamuunguza, na bado akauamuru uchomwe kwa sababu kwa mbali haukupendeza. Nikavua buti zangu za mpira, za kazi, nikaziweka mbele ya miguu yake, nikapanda juu ya lundo nikakaa kando ya Perpetua. Yule mwanamke aliyewahi kuniuliza habari za vijidudu vilivyohama akapanda baada yangu, kisha mwingine, na mwingine, hadi malundo yote matatu yakawa na watu. Mgambo alipewa amri awashe kwa pembeni. Aliwasha kiberiti, upepo ukazima. Akawasha kingine, akakichomeka kwenye mabua. Yakatoa mlio wa fyuu na moshi kidogo, kwa sababu yalikuwa yameloa maji hadi moyoni. “Ndugu, hii haiwaki,” akasema, na niliona kwamba amefurahi. Wanaume walisimama kwenye upepo wakitetemeka, mikono makwapani, nasi tumekaa juu pale tukiwa na joto chini yetu. Perpetua akaanzisha wimbo wa kanisani. Hatukuwa tunawafanyia dhihaka. Tulikuwa tunaogopa, na mtu anayeogopa huimba anachokijua. Walipoondoka, Ndugu Ambakisye hakugeuka nyuma. Nestory alirudi mara moja, akaziokota buti zangu, akanipangusia tope, akaziweka chini ya lundo, akaenda zake.

Adhabu haikuchelewa. Niliitwa mjini nikaambiwa kwamba nimevunja nidhamu, nimewachochea wananchi, na kwamba nitahamishiwa kituo cha Kate. Hapo tena bahati ikawa Mfipa: mvua zilianza mapema, barabara ya Kate ikakatika, na hakuna gari lililokubali kunibeba. Nikarudi kwa Perpetua na sanduku langu, tukapanda. Malundo yalipofunuliwa yalikuwa yamekaa chini, meusi, yanapukutika, yananukia kama msitu baada ya mvua. Tuliweka kiganja kimoja kila shimo. Sitatia chumvi. Funza walikuja msimu ule pia, shambani kwetu na kwa waliochoma, maana funza ana mabawa akishakua na hajui mipaka ya kamati. Mahindi yetu hayakuwa ya maajabu. Lakini yalikuwa ya kijani kibichi kilichokolea, yalifika juu ya kichwa cha Perpetua, na jua lilipokaza mwezi mzima bila tone, udongo wetu ulibaki na unyevu chini ya vidole wakati kwa jirani ulipasuka. Watu walianza kupita njia ya shambani kwetu ingawa ilikuwa ndefu. Walipita polepole.

Nestory alikuja jikoni tena, tukiwa tunamenya maharage mabichi. Safari hii nilikuwa nimekaa palepale. Alizunguka na habari za mvua, habari za padri, kisha akasema angependa kujua ile dawa ya mitungi inavyotengenezwa, kwa ajili ya shamba lake. Perpetua hakuinua macho. “Uje uulize mkutanoni,” akasema. “Mbele ya wote, kama ulivyotukataza.” Niliona jambo hilo ni kubwa mno kumtaka mwenyekiti alifanye, na nikatamani kumwombea. Lakini siku ya mkutano, mbele ya kijiji kizima, Nestory alisimama, akavua kofia yake ya sufu, akasema, “Mwaka jana niliwaambia mchome. Mimi nilichoma. Wale wanawake walikataa, na mmeona shamba lao na mmeona langu. Naomba Perpetua atufundishe.” Watu wengi wamenisimulia habari za ushujaa wa vita. Mimi nilimwona mtu akivua kofia kwenye baridi ya Ufipa, na sijaona ushujaa mkubwa zaidi. Perpetua alisimama akafundisha, kwa Kifipa, bila kunitaja hata mara moja, na hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa. Nilikuwa naondoka. Kazi ilipaswa kubaki na mwenyewe.

Niliondoka baada ya kuvuna, juu ya lori la magunia, na Perpetua hakuja kuniaga barabarani; alikuwa shambani anakata mabua, na alinipungia panga kwa mbali. Kate nilifika nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Msimamizi wa kituo alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akinywa chai ya rangi mlangoni. Alinikaribisha kiti, akanimiminia kikombe, akanichunguza.

“Binti,” akasema, “huku hawaletwi watu waliofanya vizuri. Wewe umeletwa kwa kosa gani?”

“Mboji, mzee.”

“Mboji ndiyo kosa?”

“Ndiyo,” nikasema, nikapuliza chai yangu. “Na kesho nalirudia.”